Michoro mitatu, ploti moja: upi ujengwe?

Chama chetu kina wanachama 58 na ploti nne za futi 50 kwa 100 huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, zilizounganishwa zikawa moja. Magharibi kuna barabara, mashariki kuna ukuta wa shule, kaskazini na kusini tumepakana na majirani. Msanifu majengo ameleta mchoro wa tatu baada ya kamati kurudisha miwili ya kwanza, na wanachama wameomba waione yote mitatu kando kwa kando kabla ya kupiga kura. Ni haki yao. Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi tangu mwanzo, na haya ndiyo ninayoyaona nikiitandaza mezani. Huenda yakafaa pia vyama vingine vyenye ploti na michoro, ambavyo bado havijui vianze kuuliza wapi.

Jambo moja kwanza. Tumekubaliana kwamba nyumba zitagawanywa kwa kuchomoa karatasi kwenye kikapu. Hakuna atakayejichagulia ghorofa wala upande. Kwa hiyo usiupime mchoro kwa ile nyumba ya kona, ghorofa ya juu, ambayo msanifu ameichora kwa rangi na miti ya maua. Tafuta nyumba mbaya kuliko zote ndani ya mchoro, kisha ujiulize kama ungelea mtoto humo. Karatasi ya nyumba hiyo itachomolewa na mmoja wetu.

Jinsi ilivyo

Ploti ina upana wa mita 30 na nusu na urefu wa mita 61, na urefu huo unakwenda mashariki-magharibi. Hiyo ni bahati. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na jua linalotesha nyumba ni lile la asubuhi na la jioni, linaloingia dirishani likiwa chini. Jengo lenye kuta ndefu zinazotazama kaskazini na kusini hulikwepa. Michoro yote mitatu ilipewa bahati hiyo, haikuitumia sawasawa.

Mchoro wa kwanza unajaza eneo lote. Chini kuna maduka mbele na maegesho nyuma, juu kuna ghorofa saba zenye nyumba 20 kila moja, jumla 140. Una lifti mbili, ngazi moja katikati, korido ya ndani, na mashimo manne ya hewa, yaani matundu yanayoachwa wazi kuanzia chini hadi paani ili nyumba za katikati zipate dirisha. Kila shimo ni mita 1.5 kwa 3.

Mchoro wa pili ni wa umbo la herufi U, mgongo ukielekea barabarani na mdomo ukifunguka upande wa shule. Ni ghorofa nne juu ya ile ya chini, bila lifti, ngazi nne, nyumba 72. Katikati kuna ua wenye upana wa mita 7.5. Maduka machache na magari 18 yako chini ya mgongo wa U, na ua wenyewe hauingiwi na gari.

Mchoro wa tatu, ulioletwa juzi, umeukata mgongo huo. Zimebaki bloku mbili ndefu zinazotazamana, ghorofa sita juu ya ile ya chini, kila bloku na lifti yake na ngazi mbili, nyumba 90. Mtu anafika mlangoni kwake kwa kupita kwenye baraza ndefu iliyo wazi. Nafasi ya katikati ni ile ile ya mita 7.5, ila sasa imekuwa njia ya magari na maegesho.

Tulipopiga kamba

Jumamosi moja tulienda kwenye ploti na vigingi, nyundo na kamba ya manila. Nilitaka watu waone mita 1.5 kwa 3 ni nini hasa, maana kwenye karatasi shimo la hewa ni kamstari tu, nalo limepakwa rangi ya samawati kana kwamba ni anga. Tulipigilia vigingi vinne, tukazungusha kamba, tukamwomba mama mmoja mzee, mwanachama nambari tatu, aingie katikati. Wote tunamwita Shosho.

"Shosho, simama hapo. Huko kushoto ni dirisha la jikoni kwako, huko kulia ni la jirani."

Akanyoosha mikono. Mkono mmoja ulivuka kamba, na wa pili ukakaribia kuigusa ya upande wa pili. Akainua uso juu, kana kwamba zile ghorofa saba zimekwisha jengwa, akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo akikaanga samaki, ni mimi nitanuka," akasema. "Na nguo za mtoto nitaanika wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Katika mchoro wa kwanza, nyumba mbaya kuliko zote ni zile za katikati kwenye ghorofa ya kwanza. Jiko, bafu na chumba kimoja cha kulala vinafungukia shimo ambalo juu yake kuna zaidi ya mita 20 za ukuta. Jua linafika sakafuni mwa shimo kama hilo kwa dakika chache za adhuhuri, karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba linapopita utosini. Siku nyingine zote za mwaka halifiki. Mwenye nyumba hiyo atawasha taa saa saba mchana na kununua tokeni za stima kwa ajili ya mwanga ambao nje ni wa bure. Moshi wa jikoni, mvuke wa bafuni na ugomvi wa watu vyote vinapandia humo humo. Na tuombe Mungu moto usitokee, kwani shimo jembamba hivyo hugeuka bomba la moshi, na ngazi ni moja tu kwa jengo zima.

Msanifu, kwa haki yake, amekubali kuongeza ngazi ya pili. Itakula nyumba moja kila ghorofa, tubaki na 133. Mashimo ya hewa hayakuguswa, kwa sababu ukiyapanua hadi yafae, jengo lote linabadilika. Mimi nimeshauweka mchoro huu kando. Ninaoulinganisha kwa dhati ni wa pili na wa tatu.

Jua la Juni

Kwa mtazamo wa haraka wa tatu unaupita wa pili: nyumba 18 zaidi, lifti, upepo unaopita kati ya bloku bila kuzuiwa na mgongo wa U. Nami niliupenda mwanzoni. Kilichonibadilisha ni hesabu ya kivuli, na hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu.

Mwezi wa Juni jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na halikai utosini. Liko kwenye nyuzi kama 65 kutoka ardhini. Kwa pembe hiyo, kila mita 10 za jengo hulaza kivuli cha mita 4.6 upande wa kusini. Mchoro wa pili una kimo cha mita 15 hivi, kivuli kinakaribia mita 7, ua ni mita 7.5. Kwa hiyo ua wenyewe unakuwa na kivuli, lakini madirisha ya upande wa pili yanalipata jua kuanzia chini kabisa. Mchoro wa tatu una mita 21. Kivuli chake ni karibu mita 10: kinavuka ua wote, kinapanda ukuta wa bloku ya kusini na kufunika nyumba za chini na sehemu kubwa ya zile za ghorofa ya kwanza. Hiyo ni saa sita na nusu mchana. Saa tatu asubuhi hali si bora.

Mkazi wa Nairobi anajua Juni na Julai zilivyo. Mawingu yanatanda kutwa, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu, ukuta wa choo unaota ukungu. Miezi hiyo ndiyo unayoihitaji ile saa moja ya jua linapojitokeza. Desemba jua linahamia kusini na kivuli kinageukia bloku nyingine, lakini Desemba ni joto, kivuli ni neema.

Mtu ataniuliza: si kila nyumba ina dirisha la nje pia? Inalo. Upande wa nje tumeacha mita 2.5 hadi mpaka wa jirani. Leo jirani wa kaskazini ana nyumba ya chini yenye mabati na mti wa parachichi. Tumeona Eastlands inavyobadilika. Siku akijenga juu, dirisha hilo litabaki la hewa tu. Mwanga tunaoumiliki ni ule ulio ndani ya ploti yetu.

Kwa hiyo nyumba mbaya kuliko zote katika mchoro wa tatu iko chini, bloku ya kusini. Juni haina jua. Mbele ya dirisha la sebule kuna gari limeegeshwa, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri linawashwa, moshi wake ukiingia ndani. Mtoto akifungua mlango anakutana na tairi.

Niliuliza msanifu: tukipunguza ghorofa mbili kwenye bloku ya kaskazini ili kivuli kisipande? Akapiga hesabu pale pale. Kila ghorofa ya bloku ina nyumba saba, kwa hiyo tunapoteza 14, tunabaki na 76. Hapo ndipo niliponyamaza. Mchoro wa tatu ukirekebishwa kwa haki unakuwa na nyumba nne tu kuupita ule wa pili, pamoja na lifti ya kulipia na magari katikati ya ua.

Ua

Nililelewa Buruburu, na labda ndiyo maana ninalishikilia hili. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, zimepangwa kwa makoti: kundi la nyumba linazunguka uwanja mmoja mdogo, njia ya kuingilia ni moja. Tulicheza pale kati mpaka giza, na mama yeyote aliyekuwa jikoni alikuwa mlinzi wa watoto wote. Mgeni asiyejulikana aliulizwa anamtafuta nani kabla hajapiga hatua kumi. Watu wamezibadilisha sana nyumba zile, wameongeza vyumba na maduka, lakini makoti mengi bado yapo.

Mita 7.5 si uwanja mkubwa. Inatosha kamba za nguo upande mmoja, benchi, mti mmoja au miwili na watoto wenye mpira laini. Ikitolewa kwa magari haitoshi chochote, hata magari yenyewe yatageuka kwa tabu.

Mweka hazina wetu ana hoja hapa, na siidharau: magari 18 kwa nyumba 72 ni machache, na tukitaka kumpangisha mtu mwenye gari atakwenda kwingine. Kweli. Lakini kati yetu wanachama 58, waliosimama mkutanoni wakasema wana gari walikuwa 11. Wengi wetu ni watu wa matatu za Jogoo Road.

Lifti, ngazi na magoti

Hapa mchoro wa pili una udhaifu wake, na sitaki kuufunika. Bila lifti, mtu wa ghorofa ya nne atapanda na mtungi wa gesi, na manunuzi ya mwezi ya unga na mafuta atayabeba begani. Mwenye mimba, aliyevunjika mguu, mzee, wote watapanda. Kanuni zetu za ujenzi zimezoea kudai lifti jengo likipita ghorofa ya nne, ndiyo maana majengo mengi sana ya Nairobi husimama hapo hapo. Kwamba tumeruhusiwa haimaanishi kwamba ni rahisi kwa magoti.

Lakini lifti si mashine unayoinunua ukaisahau. Inataka fundi wa mkataba, ukaguzi wa mara kwa mara unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, jenereta ya siku stima zinapopotea, na ada ya kila mwezi ambayo mpangaji wa chini anailipa hata kama hajawahi kuipanda. Nimewahi kukaa jengo la ghorofa tisa ambalo lifti yake ilizimwa miezi mitano kwa sababu wakazi walikosana kuhusu bili. Tulipanda kwa miguu ghorofa tisa. Heri nne zilizopangwa kuwa nne.

Ninachopendekeza ni kwamba nyumba nane za chini katika mchoro wa pili zisiingie kwenye kikapu. Ziwekewe wazee na wenye ulemavu, milango ya upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, mteremko badala ya vidato, bafu lisilo na kizingiti. Shosho achomoe karatasi kati ya hizo nane.

Maji na udongo

Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, na mgao ulioanza mapema 2017 wakati wa kiangazi umetuzoesha kuhesabu siku. Tuseme kila nyumba inatumia lita 300 kwa siku, na bomba linakauka siku tatu. Mchoro wa kwanza unahitaji akiba ya lita 126,000, wa tatu 81,000, wa pili 64,800. Kwa matangi meusi ya lita 10,000 ni 13, 9 na 7. Yachore matangi hayo juu ya paa au chini ya ardhi, kisha uone uzito na nafasi yake. Kuna waliosema tutachimba kisima. Inawezekana, kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ila maji ya chini ya ardhi hapa Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto, kwa hiyo yapimwe kabla ya kuyategemea kwa kunywa.

Udongo wetu ni ule mweusi, unaonata viatuni masika na kupasuka nyufa kiangazi. Huvimba na kusinyaa, na msingi ukikaa juu yake ukuta hupasuka nao. Lazima uchimbwe wote uondolewe mpaka mwamba au ardhi ngumu, mchoro wowote tuchague. Tofauti ni uzito unaokuja juu.

Ndiyo maana nawasihi wanaosema "tujenge wa pili, ghorofa mbili tutaongeza baadaye" waache kabisa. Msingi na nguzo huhesabiwa kwa uzito uliotajwa kwenye mchoro. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma kwenye mvua kubwa, likaua karibu watu 50. Huruma si mbali na ploti yetu. Wengine wetu tulisimama pale siku zile tukisubiri majina.

Vibali sitavirefusha: kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira), kisha usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kwa kimo tunahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana ndege za Eastleigh na za JKIA zinapita juu yetu. Jengo likiwa fupi, mazungumzo hayo ni mepesi. Na mchoro ukibadilishwa baada ya kupitishwa, unarudi kuidhinishwa upya, ndiyo maana mabishano yote tuyamalize sasa.

Pesa

Sisi ni 58. Mchoro wa kwanza unatuachia nyumba 75 za kupangisha hata baada ya kuongeza ngazi, wa tatu 32, au 18 ukipunguzwa, na wa pili 14. Anayetaka chama kiwe landilodi anaona wazi pa kwenda, na ninamheshimu. Kodi ya nyumba 75 si kitu kidogo. Lakini mkopo nao ni wa nyumba 133, pamoja na wapangaji wanaohama, keateka wanaoacha kazi na vyumba vinavyokaa vitupu. Tukichagua wa pili, mchango wa kila mwanachama utapanda, na wengi wetu mshahara tayari unakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Nimepiga hesabu ya kwangu mara tatu. Itabana. Nitaweza.

Faida nyingine ya jengo dogo ni kwenye hati. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, kila mwenye nyumba anaweza kupata hati yake mwenyewe, na ngazi, paa, matangi na ua vikasimamiwa na wote kwa pamoja. Wenye nyumba 72 wanaweza kukutana uani wakakubaliana kupaka rangi. Watu 133, nusu yao wapangaji, sidhani.

Kabla sijaupigia kura mchoro wa pili kuna kimoja nataka kirekebishwe, nacho ni nyumba yake mbaya kuliko zote. Iko pale mikono ya U inapokutana na mgongo. Chumba cha kulala kinatazamana na cha jirani kwa pembe, kiasi kwamba mkono unaweza kupokea chumvi kutoka dirisha hadi dirisha, na jua la jioni linapiga sebule moja kwa moja. Nimemwomba msanifu ahamishe ngazi mbili kati ya nne ziingie kwenye kona hizo, ili kona ikaliwe na watu wanaopita, si wanaolala, na madirisha yanayotazama barabarani yapewe vivuli vya zege. Amesema inawezekana bila kupoteza nyumba hata moja, na ataleta mchoro Alhamisi.

Vigingi na kamba bado viko kwenye ploti. Tumeongeza vile vya ua, mita 7.5, na vile vya maegesho ya mchoro wa tatu. Jumamosi kuanzia saa nne nitakuwa pale na futi ya kupimia. Njoo na mtoto, na kama una gari njoo nalo, ujaribu kuligeuza.